Laptopu ya mtumba na mwisho wa Windows 10: nisasishe, niache au ninunue nyingine?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama mwenye stesheneri ndogo Morogoro mjini. Nachapa, natoa kopi, naskani, nawajazia wanafunzi maombi ya mkopo wa HESLB na kuwahakikia vyeti vya kuzaliwa RITA. Laptopu ya kazi ni HP EliteBook 840 G3, Core i5, RAM GB 8, diski GB 500, Office 2016. Niliinunua mtumba Dar mwaka 2020. Tangu Oktoba 2025 inaniletea tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho na kwamba kompyuta yangu haikidhi vigezo vya Windows 11. Halafu imekuwa nzito, nawasha, nafagia duka lote, bado inazunguka. Fundi mmoja anasema ataniwekea Windows 11 kwa njia yake kwa elfu thelathini. Mwingine anasema hii ni ya kutupa. Mume wangu anasema tuache tu, mbona inafanya kazi, na antivirus ipo. Ndani kuna kazi za wateja na hesabu za duka za miaka mitano, sina kopi popote. Nimsikilize nani?"

Nzuri, dada yangu, na pole kwa kuvutwa huku na huku. Swali la Windows nitalijibu, lakini kuna maneno uliyoyapitia haraka ambayo yamenishtua kuliko tangazo lolote la Microsoft: "sina kopi popote". Laptopu za aina yako zilianza kutoka kiwandani mwaka 2016. Kama diski iliyomo ni ile ile ya mwanzo, imeshazunguka miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu usiyemjua. Ikifa usiku wa leo, hakuna toleo la Windows litakalokurudishia hesabu zako. Tena karibu kila njia nitakayoieleza hapa inaigusa diski hiyo.

Kwa hiyo anza hapo. Nunua diski ya nje, nakili kazi za wateja, hesabu, picha na kila kilichomo kwenye Desktop na Documents. Fungua mafaili machache kutoka kwenye nakala yenyewe uone kama yanafunguka kweli, kisha ichomoe uende nayo nyumbani. Usiiache imechomekwa dukani, maana virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa hufunga pia diski ya nje vinayoikuta kwenye mashine. Mafundi wasubiri mpaka hilo liishe.

Sasa tuje kwenye swali. Umeniletea matatizo matatu yaliyofungwa fungu moja, na ndiyo maana kila anayekushauri anaonekana kusema kweli. Laptopu ni nzito. Windows 10 imekoma kupata viraka vya usalama. Prosesa yako, ile chipu kuu ya kompyuta, haimo kwenye orodha ya Windows 11. Haya matatu hayazaani. Mashine haikuzidiwa kwa sababu Windows 10 imefika mwisho, na kuiwekea Windows 11 juu ya diski ile ile hakutaifanya nyepesi. Itakuwa nzito zaidi, na utakuwa umeshalipa elfu thelathini.

Uzito ndio rahisi kuliko yote, basi tuumalize. Kwa maelezo yako nina hakika kiasi kwamba diski yako ni ile ya sahani zinazozunguka, yenye kichwa kidogo kinachokwenda huku na huku juu ya sahani kutafuta data. Windows ikiwaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande kichwa lazima kihame na kusubiri sahani izunguke ifike mahali pake. Diski ya namna hiyo humudu kama safari mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya kisasa iitwayo SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu, na hata za bei ya chini humudu makumi ya maelfu. Ndiyo sababu RAM yako ya GB 8, ambayo inatosha kabisa kwa Word, Excel na kurasa kadhaa za intaneti, haikuokoi. Mlango wenyewe wa data ni mwembamba.

Ukitaka kuthibitisha bila kumlipa mtu, siku mashine imekwama bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uangalie safu iliyoandikwa Disk. Ikisoma karibu asilimia 100 huku CPU, yaani prosesa, ikiwa imetulia chini, tatizo umelishika. Laptopu yako inapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5 mahali pale pale diski ya sasa ilipo, na kwa kazi yako GB 256 zinatosha. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya laptopu. Kwa hiyo huyo wa pili aliyesema hii ni ya kutupa mimi sikubaliani naye. EliteBook za kizazi hicho zilijengwa kwa ajili ya maofisi, kifuniko cha chini kinafunguka kwa skrubu, RAM na diski vinabadilishika. Laptopu nyingi mpya za bei nafuu zinazouzwa leo zina RAM iliyogandishwa kwenye ubao, hata fundi hodari hana la kufanya.

Tuje kwa mume wako. Anaposema inafanya kazi hajakosea. Windows 10 haikuzimwa. Iliingia sokoni 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya bure. Itawaka kesho, itawaka mwakani, Word itafunguka na printa itachapa. Kilichobadilika hukioni, na hapo ndipo watu wanapotegwa.

Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa kwenye Windows. Windows 10 na Windows 11 zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya msimbo mmoja. Chukua nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja kwa ramani moja: mwenye nyumba ya kwanza akibadilisha komeo la dirisha la jikoni, mwizi anayepita akaona anajua pa kujaribu kwenye nyumba ya pili. Hicho ndicho wahalifu wanachofanya. Huchukua kiraka cha Windows 11, hulinganisha faili la kabla na la baada, huona kilichorekebishwa, kisha hutafuta mashine za Windows 10 ambazo tundu lile lile limebaki wazi. Kila mwezi unaopita orodha ya matundu hayo inaongezeka.

Kisa cha virusi viitwavyo WannaCry kinaonyesha jambo hili vizuri. Kiraka cha tundu lililotumiwa kilitolewa tarehe 14 Machi 2017. Virusi vyenyewe vililipuka tarehe 12 Mei mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye, vikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kuzivuruga hospitali za umma za Uingereza. Havikuhitaji mtu abonyeze kiungo chochote. Vilitembea vyenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao. Walioumia ni wale ambao kiraka hakikuwafikia, ama kwa sababu hawakukiweka ama kwa sababu mfumo wao ulikuwa umeshaachwa. Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa Windows XP, lakini hiyo ni hisani ambayo huwezi kuipangia biashara.

Na antivirus? Iache iendelee. Defender iliyomo ndani ya Windows 10 itaendelea kupata taarifa za virusi vipya hadi angalau Oktoba 2028, hilo Microsoft wameliahidi. Ila kazi yake ni kutambua mafaili mabaya, na tundu kwenye Windows yenyewe haliwezi kuliziba.

Mtu ambaye laptopu yake ni ya kuangalia filamu angeniuliza swali hili ningemjibu kwa upole zaidi. Wewe una stesheneri. Kwa siku moja zinachomekwa kwako flashi za watu usiowajua, kila moja imetoka kwenye kompyuta nyingine ya chuo, ya ofisi, ya stesheneri ya jirani. Bila shaka umeshakutana na ile flashi ambayo mafaili yote yamegeuka vijia vya mkato. Halafu kwenye mashine hiyo hiyo wanafunzi wanaandika namba zao za NIDA, nywila za akaunti za HESLB, namba za simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi, lakini hata isingekuwepo, fikiria mwanafunzi mmoja tu anayekuja kusema akaunti yake ya mkopo imeingiliwa na mara ya mwisho aliifungulia kwako. Duka la aina yako linaishi kwa kuaminika. Kwa hiyo "tuache tu" ni jibu ninalolikataa kwako, ingawa kwa wengine ningelivumilia kwa muda.

Sasa kwa nini laptopu yako imekataliwa na Windows 11? Vigezo vya RAM na nafasi unavifikia bila shida: inatakiwa RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Kinachokwamisha ni prosesa. Kwa upande wa Intel orodha ya Microsoft, ukiacha chache sana, inaanza kizazi cha nane. Core i5 peke yake haikuambii chochote, imetengenezwa i5 tangu zamani na inatengenezwa bado. Angalia namba inayofuata kistari. Ya kwako itakuwa i5-6200U au i5-6300U, na ile 6 ya mbele ndiyo kizazi. i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Kwa AMD orodha inaanza, kwa sehemu kubwa, na Ryzen za mfululizo wa 2000.

Watu wengi husema ni ubabe wa kibiashara tu, kampuni inataka tununue mpya. Sitawatetea sana. Ila kuna sababu ya kiufundi chini yake. Windows 11 inataka kuanza na ulinzi ambao zamani ulikuwa hiari: chipu ya TPM 2.0 inayotunza funguo za siri nje ya diski, Secure Boot inayokagua sahihi ya programu ya kwanza kabisa inayowaka kabla virusi havijajipenyeza, na uzio ndani ya prosesa unaozitenga sehemu nyeti za mfumo. Prosesa za zamani zinaweza kuuiga uzio huo kwa programu, na zikiuiga zinachoka. Je, mstari ulipaswa kuchorwa kizazi cha nane hasa na si cha saba? Hapo mimi nina mashaka, kwa sababu cha saba na baadhi ya za nane hazitofautiani kiasi hicho. Lakini mstari umeshachorwa.

Nigeukie kidogo wasomaji wengine wenye tangazo kama lako. Kama prosesa yako ni kizazi cha nane au zaidi na bado unaambiwa haikidhi, usinunue kitu. Mara nyingi TPM imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambako kwa Intel hujificha chini ya jina PTT na kwa AMD chini ya fTPM. Au fundi aliyeweka Windows mwanzoni aliiweka kwa mtindo wa zamani wa Legacy, kwa hiyo Secure Boot haiwezi kuwashwa mpaka mpangilio wa diski ugeuzwe kuwa wa mtindo mpya uitwao GPT. Windows 10 ina chombo chake cha kuigeuza bila kufuta mafaili, mbr2gpt. Hata hivyo kopi kwanza.

Turudi kwako, na kwa fundi wa elfu thelathini. Hiyo "njia yake" si siri. Kuna programu ya bure iitwayo Rufus inayotengeneza flashi ya Windows 11 iliyoondolewa ukaguzi wa TPM na prosesa, na kuna kuhariri kwa mkono rejista, yaani daftari la ndani la mipangilio ya Windows. Kwenye prosesa ya kizazi cha sita inaingia, inawaka, na ukiwa na SSD inakwenda vizuri tu. Nasema hivyo ili usidhani nakutisha. Viraka vya kila mwezi navyo kwa kawaida vinaingia. Ila Microsoft wameandika wazi kwamba kompyuta zisizokidhi hazina haki ya masasisho, maana yake siku wakiamua kufunga bomba hakuna wa kumlalamikia. Na kuna gharama ambayo fundi huenda hajakutajia: kila toleo la Windows 11 Home au Pro huhudumiwa miezi 24, na kwenye mashine kama yako toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Kila mara itabidi mtu aje arudie ile njia ya pembeni. Toleo la 24H2 lililotoka Oktoba 2024 lilishaziacha prosesa za zamani sana zisizo na amri fulani za ndani. Yako ilipona. Nani anajua la mbele.

Kwa kijana anayejua kujihudumia nyumbani, sina ugomvi na njia hiyo. Kwa mashine ambayo ndiyo duka lenyewe, naiweka nafasi ya tatu.

Na muulize fundi huyo jambo jingine kabla hata hujamkabidhi laptopu: Windows hiyo anaitoa wapi, na ataiamsha, yaani kuithibitishia leseni, kwa kutumia nini? Hapa ndipo nilipo na wasiwasi mkubwa kuliko suala la kizazi. Windows nyingi zinazowekwa mitaani zimeamshwa kwa programu za wizi, na wanaoziweka mara nyingi huzima Defender na Windows Update kwa makusudi ili uamsho usivunjike. Inawezekana kabisa Windows 10 yako haijapata kiraka hata kimoja tangu uinunue, na tarehe ya Oktoba 2025 kwako haikuwa na maana yoyote. Kagua hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Kikitokea kisanduku chenye tarehe ya kuisha badala ya kusema uamsho ni wa kudumu, basi umewekewa uamsho ule wa kujirudia kila siku 180 ambao umetengenezwa kwa mitandao ya makampuni, na wewe si kampuni hiyo. Halafu fungua Settings, Windows Update, utazame historia ya masasisho. Ikiwa tupu, umeshajua.

Habari njema ni kwamba EliteBook nyingi zilitoka kiwandani na leseni halali ya Windows Pro iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama. Ukiweka SSD mpya na kusimika Windows 10 Pro safi iliyopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, mara nyingi inajiamsha ikiona intaneti, bila programu ya mtu yeyote. Ndiyo maana sipendi fundi ahamishe Windows yako ya sasa kama ilivyo kwenda kwenye SSD, hata kama ni haraka zaidi. Utakuwa umehamia nyumba mpya na kunguni wako.

Windows 10 safi? Ndiyo, kwa sasa. Microsoft waliweka mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama kwa watumiaji wa kawaida, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipiwa dola 30 za Marekani, au unapewa bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kompyuta lazima iwe na toleo la 22H2, ambalo utaliona ukiandika winver kwenye kile kisanduku cha Windows na R, na iwe imepokea masasisho yote ya nyuma. Kiungo cha kujiunga hutokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Mpango huu ni kwa kompyuta ya mtu binafsi. Zile zilizounganishwa na mtandao wa ofisi zina mpango wao mwingine, wa dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza.

Ukichagua njia ya bure, angalia jambo moja linalokula bando. Windows itakushawishi uhifadhi pia Desktop, Documents na Pictures kwenye OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni. Nafasi ya bure huko ni GB 5 tu, itajaa kwa skani za wiki chache, na data yako itakuwa imekwenda nayo. Zima folda hizo, acha mipangilio peke yake.

Office 2016 uliyonayo nayo ilikoma kupata viraka siku ile ile, 14 Oktoba 2025. Wengi hawalijui hili, wanahangaika na Windows pekee. Kwako lina uzito kwa sababu hati za Word zinazotoka kwa wateja ni njia nzoefu ya kupenyeza uchafu. Hati ya mteja ikifunguka na ile bendera ya njano juu, chapa kwanza ukiweza bila kuruhusu uhariri, na usiwashe makro, yaani programu ndogo zilizofichwa ndani ya hati, za mtu yeyote kamwe, hata akikuambia ni fomu ya mwajiri wake. Kama kadi za harusi unazitengeneza kwa Publisher, anza mapema kuzihamishia kwenye PDF, kwa kuwa Microsoft wametangaza kuiacha programu hiyo Oktoba 2026.

Ipo njia nyingine ambayo mafundi wako hawakuitaja: Linux Mint. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wa bure, halali, unaopata viraka, na Mint 22 itahudumiwa hadi 2029. Kwenye 840 G3 yenye SSD unakwenda kwa wepesi utakaokushangaza. Unaweza kuujaribu ukiwa kwenye flashi bila kugusa diski yako: unawasha kutoka kwenye flashi, unaona kama Wi-Fi inashika, printa inachapa, skana inaonekana. Printa nyingi za HP zinakubali bila tabu, Epson nyingi zina programu zake, na kwa mashine za kopi za aina nyingine jaribu kwanza, usiamini maneno ya mtu, na ya kwangu pia.

Sikushauri uufanye mfumo wako mkuu, na sababu ni kazi yenyewe. LibreOffice iliyomo inafungua hati za Word, ila mwanafunzi akikuletea tasnifu ya kurasa mia yenye yaliyomo ya kujiandika yenyewe, majedwali na fonti alizozipanga kwenye Word, mistari inaweza kuhama na namba za kurasa zikateleza. Utamrudishia kazi aliyoilipia ikiwa imeharibika, na yeye hatajua Linux ni nini. Nyumbani, au kwa mtu anayefanya kila kitu kwenye kivinjari, ningempa Mint bila kusita. Kwako naona matumizi mengine mazuri zaidi. Kama kuna laptopu nyingine kuukuu nyumbani, hata ya RAM GB 4, iwekee Mint na uifanye mapokezi ya flashi. Flashi ya mteja inaingia pale kwanza. Virusi vya Windows vilivyomo haviwezi kuwaka kwenye Linux, unaona mafaili halisi, unachukua linalohitajika, na flashi haigusi kabisa mashine yenye hesabu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningekwenda hivi. Kopi wiki hii. Kisha SSD, na juu yake Windows 10 Pro safi iliyojiamsha yenyewe. Kisha kujiunga na mpango wa viraka vya nyongeza. Hapo una mashine nyepesi na salama kiasi hadi Oktoba 2026, na muda wote huo unaweka akiba ya laptopu ya mtumba ya kizazi cha nane au zaidi, ambayo Windows 11 inaingia kwa njia ya mbele. EliteBook yenye SSD itabaki kuwa ya pili, ikiwa na Mint. Kama akiba itachelewa, njia ya fundi wa kwanza bado ipo, na utaiingia ukijua unachonunua.

Siku ya kununua usikubali kuuziwa jina la modeli. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 husifiwa kuwa za kizazi cha nane, na nyingi ni hivyo kweli, lakini zipo zilizotoka na prosesa za kizazi cha saba kama i5-7300U. Muuzaji aiwashe mbele yako, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, usome mstari wa Processor mwenyewe. Andika tpm.msc uone kama inasema toleo 2.0. Ingia BIOS kwa F10 kwenye HP au F1 kwenye ThinkPad. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo mezani. Huenda ni mashine ya ofisi ya mtu ambayo haikufunguliwa kihalali, na baadaye hutaweza kubadilisha chochote ndani yake. Na ikikuomba kuingia kwa barua pepe ya kampuni fulani unapoisimika upya, irudishe siku hiyo hiyo.

Mengi ya haya unaweza kuyafanya mwenyewe ukiwa na mtoto wa chuo pembeni. Yapo yanayotaka fundi mwenye mikono. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga, zima mara moja, usijaribu kunakili, mpelekee anayejua kuokoa data, kwa sababu kila dakika inayozunguka inakwaruza. Kama ile padi ya kuelekezea kipanya imeinuka au kifuniko cha chini hakikai sawa, betri imevimba. Usiichaji, usiitoboe kwa chochote, itolewe na fundi. Na kama ukiwasha inakuomba ufunguo mrefu wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima. Usikubali mtu aguse TPM wala BIOS kabla ufunguo haujapatikana kwenye akaunti ya Microsoft, la sivyo mafaili yatabaki yamefungwa daima.

Siku utakayompelekea fundi kazi ya SSD, mwambie mapema mambo mawili: Windows itoke tovuti ya Microsoft na isiamshwe kwa programu yoyote, na diski ya zamani irudi mkononi mwako. Ukaitie kwenye kesi ya USB uone kama yote yamehama, uihifadhi miezi michache. Usiiuze wala kuigawa bila kuifuta kabisa. Zile namba za NIDA za wanafunzi bado zimo.